Kukisikiliza Kitasa: Hotuba kwa Wanafunzi wa Useremala na Ujenzi

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Chuo, walimu, mafundi mlioacha karakana zenu asubuhi hii mkaja kukaa nasi, na ninyi vijana mnaojifunza useremala na ujenzi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimealikwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa miaka tisa sasa limekuwa burudani yangu ya jioni, baada ya madaftari ya wanafunzi kusahihishwa na watoto kulala, nalo ni kufungua vitasa vya milango ya nyumbani bila ufunguo, kwa kijiti chembamba cha chuma na subira nyingi. Ninajua jinsi maneno hayo yanavyopokewa. Katika miji yetu, mtu anayejua kufungua mlango ambao hana ufunguo wake hudhaniwa kwanza kuwa mwizi, na ufundi wake huja kukubaliwa baadaye sana, kama utakubaliwa. Kwa hiyo niseme tangu mwanzo kile nilichokuja kukisema. Ninaamini kwamba anayeuza kitasa, anayekifunga mlangoni, na anayelala nyuma yake usiku, wote wanastahili kukijua kwa ndani, na sijapata kuona njia ya kukijua iliyo bora kuliko kukifungua kwa mikono yako mwenyewe, juu ya meza yako mwenyewe, kikiwa mali yako mwenyewe.

Mimi niliingizwa katika mambo haya na hofu. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili na miezi michache, nasi tulikuwa tumehamia nyumba ya kupanga, Dar es Salaam, ambayo milango yake ya vyumbani ilikuwa na vitasa vya mviringo, vile vya kushika kwa kiganja na kuzungusha, vyenye tundu la ufunguo upande wa nje na kibonyezo katikati ya upande wa ndani. Mchana mmoja mtoto aliingia chumbani peke yake, akausukuma mlango ukajifunga, kisha kwa kidole chake akabonyeza kile kibonyezo, kama watoto wanavyobonyeza kila kinachobonyezeka. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa ndani, kwenye droo. Dirisha lilikuwa na nondo. Kwa muda wa dakika 40 nililala sakafuni nikizungumza naye kupitia uwazi wa chini ya mlango, yeye akiwa amepitisha vidole vinne nilivyokuwa nimevishika, akilia mpaka sauti ikamkauka.

Fundi aliyeitwa alifika na nyundo na patasi. Alikitazama kitasa kidogo, akasema hakifunguki bila ufunguo, akaanza kuvunja. Alipomaliza, mtoto alikuwa mikononi mwangu, na mlango ulikuwa umepasuka kuanzia kitasani hadi karibu na bawaba ya kati, mwimo umechanika, na gharama yote ikatuangukia sisi wapangaji. Namshukuru fundi yule kwa kunirudishia mwanangu, na sitaki mnielewe vinginevyo. Kilichoniuma kilikuja miezi kadhaa baadaye, nilipokwisha kukifahamu kitasa kile, nikatambua kwamba mtu mwenye mazoezi ya kawaida angekifungua kwa dakika chache bila kukwaruza hata rangi. Dakika zile 40 za kilio zilitokana na watu wazima wanne kusimama mbele ya chombo ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukitazama ndani.

Usiku ule sikuweza kulala. Nilikiokota kitasa kwenye vipande vya mbao, nikakiweka mezani na kukifungua kwa bisibisi. Kirungu cha nje, yaani kile kishikio cha mviringo, kilikuwa hakikuumia. Nilipoichomoa silinda na kukivuta kiini chake bila kujua ninachokifanya, springi tano ndogo kuliko punje za mchele ziliruka, zikafuatwa na pini za shaba zilizobingirika hadi ukingoni mwa meza. Nilizikusanya zote kwenye kisosi cha kikombe. Zilikuwa kumi, unene wake kama milimita tatu, tano zikiwa fupi na zinazofanana, na tano nyingine kila moja ikiwa na urefu wake na ncha iliyochongoka kidogo. Nikauchukua ufunguo, ambao sasa ulipatikana, nikazipanga pini zile zenye ncha kwenye mabonde yake, moja baada ya nyingine, na vichwa vyake vyote vikalingana katika mstari mmoja ulionyooka kana kwamba vimepigwa randa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mlinganyo uliokubali kwa namna ile ulinifanya nikae pale mpaka alfajiri.

Utendaji wake ni huu. Ndani ya kirungu cha nje mna silinda, na ndani ya silinda mna kiini, yaani kile kipande kinachozunguka unapouzungusha ufunguo. Juu ya njia ya ufunguo yametobolewa matundu matano yanayofuatana, yakipita kwenye ganda la silinda na kuendelea hadi ndani ya kiini. Katika kila tundu mna pini mbili, moja juu ya nyingine, na springi inayozisukuma chini. Ufunguo usipokuwemo, kila pini ya juu hukaa nusu kwenye ganda na nusu kwenye kiini, na kwa kukaa hivyo hukizuia kiini kama msumari uliopigiliwa kuunganisha mbao mbili. Ukiingiza ufunguo wako, kila bonde na kila jino huinua jozi yake kwa kiasi chake, mpaka pale pini ya chini inapoachana na ya juu pawe sawasawa na mpaka wa kiini na ganda. Jozi zote tano zikifika hapo kwa pamoja, hakuna tena kinachokizuia kiini.

Wazo hili ni la kale mno. Wamisri wa kale walikuwa na komeo za mbao zenye vijiti vilivyoshuka kwa uzito wake na kuingia kwenye vishimo vya komeo, na ufunguo wao ulikuwa ubao wenye meno yaliyosimama, unaoingizwa chini ya vijiti hivyo na kuviinua. Aliyelileta wazo hilo katika silinda ndogo ya chuma yenye ufunguo bapa unaokaa mfukoni ni Mmarekani Linus Yale mdogo, katika miaka ya 1860, na silinda iliyomo katika vitasa vingi mnavyoviona leo madukani Kariakoo ni mjukuu wa ile yake.

Sasa naomba mniruhusu nisimame kidogo kwenye hesabu, kwa sababu ndipo uzuri wote wa jambo hili ulipo kwangu. Tuchukue kitasa chenye pini tano, ambacho pini ya chini ya kila tundu inaweza kuwa na urefu mmoja kati ya sita. Hivyo ndivyo vilivyo vitasa vya Kwikset, ambavyo ni miongoni mwa vitasa vya nyumbani vinavyojulikana sana Marekani. Idadi ya funguo zinazowezekana ni sita mara sita mara sita mara sita mara sita, yaani 7,776. Mtu akiwa na mkoba wenye funguo zote hizo, na akatumia sekunde 10 kwa kila mmoja, atahitaji zaidi ya saa 21 kuzimaliza. Hiyo ndiyo ahadi ambayo kitasa kinampa mwenye nyumba. Ahadi hiyo, hata hivyo, inasimama juu ya sharti moja, kwamba kitasa kiseme ndiyo au hapana kwa pini zote tano kwa pamoja, wala kisiseme neno lolote juu ya pini moja moja. Kikianza kukueleza kwamba pini ya tatu imekaa sawa, ingawa nne nyingine bado, basi huna haja tena ya kuzidisha. Utaitafuta ya kwanza katika nafasi sita, kisha ya pili katika sita, na kuendelea hivyo, na jumla ya majaribio yako haitazidi 30. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Nimefundisha vipeo na vipeuo kwa miaka mingi, na sijapata mfano mwingine unaomfanya mwanafunzi ahisi kwa vidole vyake umbali uliopo kati ya 7,776 na 30.

Na kitasa kwa kweli husema. Husema kwa sababu kimetengenezwa na mashine, na hakuna mashine inayoweza kutoboa matundu matano katika mstari mkamilifu. Tundu moja litakuwa limekwenda upande kidogo, kwa tofauti nyembamba kuliko unywele. Pini moja itakuwa imenenepa kidogo kuliko wenzake. Ukiweka kipande cha chuma kilichopinda kwenye njia ya ufunguo na kukisukuma kiini kidogo sana, kama kwamba unataka kukizungusha, pini tano hazibanwi zote kwa pamoja. Moja hubanwa kwanza, ile ambayo tundu lake limetangulia. Unapoziinua pini kwa kijiti cha kuchokonolea, nne zitacheza juu na chini kwa ulaini wa springi zake, na hiyo moja itakuwa nzito. Ukiiinua hiyo nzito taratibu hadi kwenye mpaka, kiini kitasogea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, pini ya juu itakaa kwenye kingo ndogo iliyojitokeza, na utasikia mlio mdogo, au tuseme utausikia kwa ncha ya kidole zaidi kuliko kwa sikio. Baada ya hapo pini nyingine huwa nzito kwa zamu yake. Watu wengi hudhani kwamba anayefungua kitasa kwa njia hii anakishinda kwa ujanja; ukweli ni kwamba anafuata mpangilio ambao kitasa chenyewe kinamwonyesha, na akijaribu kuulazimisha wake hafiki popote.

Kosa la kila anayeanza ni nguvu. Nililifanya kosa hilo kwa wiki tatu mfululizo. Nilikuwa nimekata kipande cha ule mlango uliovunjika, chenye tundu la kitasa katikati, nikakifunga kitasa humo na kukibana kwenye ukingo wa meza ya jikoni, na kila jioni nilikikandamiza kana kwamba kimenikosea. Ukikaza kiini kupita kiasi, pini zote hubanwa, zote huwa nzito, na kitasa hunyamaza. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa katikati ya mazoezi, na kwa kuwa mshumaa ulikuwa mbali na mtoto amelala begani mwangu, niliendelea gizani kwa mkono mmoja, nikikisukuma kiini kwa uzito wa kidole cha shahada tu, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa na kazi yake. Baadaye nikauachia huo mkono kidogo ili kukishika kijiti. Pini ya nne ilikuwa nzito. Niliiinua, ikakubali. Ya kwanza ikafuata, kisha ya tano, kisha ya pili. Nilipoigusa ya tatu, sikuhisi mlio wowote. Nilihisi tu kwamba kile kilichokuwa kinakipinga kidole changu hakipo tena, na kiini kikazunguka mpaka mwisho kama ambavyo kingezungushwa na ufunguo wake. Mtoto aliyekuwa begani ndiye yule yule aliyekuwa amefungiwa nacho. Nilisimama pale gizani kwa muda, sikutaka kukirudisha.

Kwa anayetaka kujifunza, ushauri wangu ni kwamba asianze na pini tano. Nunua kitasa cha bei ndogo, kifungue, uzitoe pini nne na springi zake, ukibakishe na jozi moja tu. Kifungue hicho mara nyingi, ukibadilisha nguvu ya kukaza, mpaka ujue jinsi pini iliyobanwa inavyotofautiana na isiyobanwa, na jinsi kiini kinavyoshtuka pini inapofika. Kisha ongeza ya pili. Siku utakayoongeza ya tatu utakutana kwa mara ya kwanza na jambo la mpangilio, kwa maana pini mbili hupangika zenyewe kwa bahati, lakini tatu huhitaji utafute ipi inatangulia. Vifaa vyenyewe si vya kuogopesha. Wapenzi wengi wa mchezo huu duniani wametengeneza vya kwao kutoka kwenye vile vyuma vyembamba vilivyomo ndani ya raba za waipa za magari, wakavipinda kwa koleo na kuvipiga tupa kidogo kidogo, na ninyi hapa mna jiriwa na tupa nzuri kuliko nilizokuwa nazo mimi. Msilainishe chuma kwa kukichoma moto mwekundu, kwa maana kitapoteza ugumu wake na kupinda ndani ya kitasa. Kingo zote zisuguliwe kwa msasa mpaka ziteleze, kwa sababu kijiti chenye mikwaruzo hukwama kwenye kila ukuta na kukupa habari za uongo.

Kuna vitasa vitakavyowapa habari za uongo hata kama kijiti ni laini. Watengenezaji walioufahamu udhaifu nilioueleza huweka pini za juu zilizokatwa kiuno, nene juu na chini na nyembamba katikati, kama kibiringo cha uzi. Ukiinua pini ya namna hiyo, kiini huzunguka kidogo, kwa kiasi unachoweza kukiona kwa macho, moyo wako unafurahi, kisha kinasimama hapo na hakiendelei. Pini imejinasa kwenye kiuno chake. Ili kuitoa, inakupasa ulegeze mkono na kukiacha kiini kirudi nyuma kidogo huku ukiisukuma pini juu, na katika kurudi huko unaweza kuziangusha nyingine zote ulizokwisha kuzipanga. Nilipokutana na kitasa cha kwanza cha aina hii kilinichukua mwezi na nusu. Mkikutana na kitasa cha namna hiyo dukani, mjue kwamba mtengenezaji wake alifikiri kwa uaminifu juu ya mteja wake.

Najua wako waliokaa hapa wanaojiuliza kama mambo haya yanafaa kusemwa mbele ya vijana. Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu. Kampuni ya Bramah ilikuwa imeweka kufuli dirishani mwa duka lake, mtaa wa Piccadilly, tangu mwaka 1790, pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200, sarafu za dhahabu za Uingereza, kwa atakayeweza kutengeneza kifaa cha kulifungua, na kwa miaka 60 hakuna aliyeipata zawadi hiyo. Akaja fundi wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs. Kwanza alikifungua kitasa cha Chubb, ambacho kilikuwa kimebuniwa mahsusi ili kijikwamishe na kumwonyesha mwenye nyumba kwamba kimechezewa, na alikifungua kwa muda wa dakika 25 hivi mbele ya mashahidi. Kisha akaliendea lile kufuli la Bramah, akalifanyia kazi kwa jumla ya saa 51 zilizotandazwa katika siku 16, na likafunguka. Magazeti yalijaa fadhaa, na wengi walimlaumu kwa kuwafundisha wezi. Hoja yake ilikuwa kwamba wezi walikwisha kuyajua hayo kabla yake, na kwamba walioachwa gizani ni watu waaminifu walionunua vitasa hivyo. Mimi nasimama upande wa Hobbs. Watengenezaji wa Uingereza walilazimika kurudi kwenye meza zao za michoro, na watu walipata vitasa bora kwa sababu mtu mmoja alifanya mchana, mbele ya mashahidi, jambo ambalo wengine wangelifanya usiku.

Tena, ndugu zangu mafundi, mwizi wa kwetu hachokonoi kitasa. Mwizi huvunja, hutumia nondo, teke, jeki, au dirisha lililosahauliwa. Na hapo ndipo mchezo huu unapowafaa ninyi zaidi ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu anayekifahamu kitasa kwa ndani huanza kuuona mlango mzima kwa jicho jipya. Hiki kitasa cha mviringo kilianzia Marekani, na anayehesabiwa kuwa baba yake ni Walter Schlage, Mjerumani aliyehamia San Francisco, ambaye katika miaka ya 1920 alibuni kitasa kinachoingia mlangoni kwa matundu mawili tu ya kekee. Kabla ya hapo, vitasa vingi vya milango vilihitaji kuchimbiwa nyumba zake ndani ya ubao kwa patasi, kazi mnayoijua ninyi. Cha Schlage kilihitaji tundu moja kubwa la usoni, ambalo kwa vipimo vya Kimarekani vya sasa ni milimita 54, na jingine dogo la ubavuni kwa ajili ya ulimi. Kazi ya nusu siku ikawa ya dakika chache, na ndiyo maana kimeenea.

Lakini wepesi huo una bei yake. Silinda yote imo ndani ya kirungu kilichotokeza nje ya mlango, mahali ambapo bomba la chuma na mkono wenye nguvu vinaweza kukivunja. Ulimi wake ni wa springi, umechongwa mteremko ili mlango ujifunge wenyewe, na ulimi unaoweza kurudishwa na mwimo unaweza pia kurudishwa na kadi ya plastiki. Kwenye vitasa vingi vya mlango wa nje, kando ya ulimi huo pana kijiti kidogo cha pili, na ni fundi mmoja tu kati ya watano niliowauliza aliyejua kazi yake. Kijiti hicho kinatakiwa kibaki kimebonyezwa na kile kibati cha kwenye mwimo mlango unapokuwa umefungwa, na kikiwa kimebonyezwa hivyo, ulimi hauwezi kusukumwa kurudi ndani. Mkilikata tundu la kibati kwa upana wa kupita kiasi ili mlango ujifunge kwa urahisi, ulimi na kijiti vyote vitatumbukia humo, na mtakuwa mmemwuzia mteja kitasa kisha mkakibatilisha kwa patasi yenu. Nimeyaona makosa hayo kwenye nyumba mpya, nzuri, za gharama kubwa.

Basi naomba mkubali kuwa kitasa cha mviringo ni cha chumbani. Mlango wa nje upewe kitasa cha kuchimbia chenye ulimi mgumu wa mraba usiorudi kwa kusukumwa, na mwimo ulioshikwa na skrubu ndefu zinazofika ukutani. Wazee wetu wa Lamu na Unguja waliofunga milango yao kwa pingo upande wa ndani, na kwa mnyororo, tumbuu na kufuli upande wa nje, walifahamu vizuri kwamba nguvu ya mlango iko kwenye ubao na mwimo. Hata hicho cha kuchimbia msikiamini kwa jina lake tu. Vile vya bei ndogo, vya ufunguo mrefu wa mviringo, mara nyingi huwa na vibati viwili au vitatu tu vya kuinuliwa na ufunguo ndani yake, na aina za funguo zake ni chache kiasi kwamba ufunguo wa jirani hufungua kwako; watu mtaani wamezipa funguo za namna hiyo jina la funguo malaya, na jina hilo, ingawa si la heshima, linaeleza ukweli wa kitaalamu.

Kuhusu vyumba vya watoto, hapa ninasema kama mama. Vipo vitasa vya mviringo visivyo na ufunguo kabisa, ambavyo upande wa nje vina kitundu kidogo katikati ya kirungu. Ukipenyeza waya mnyoofu humo na kusukuma, au kuzungusha kwa ncha ya bisibisi kwa aina nyingine, kibonyezo cha ndani huachia. Ndivyo vilivyokusudiwa kwa vyumba vya kulala na vyoo. Mwenye nyumba akiwaletea vitasa vya ufunguo vya kufunga kwenye chumba cha mtoto, mwelezeni tofauti kabla hamjatoboa ubao. Kama chumba kile kingekuwa na kitasa cha aina hii, ingenichukua sekunde tano, mchana ule, kwa kibanio cha nywele.

Mchezo huu una kanuni mbili ambazo wapenzi wake wamezishika kila mahali walipojikusanya, kuanzia Ujerumani, ambako chama chao kipo tangu mwaka 1997, hadi Uholanzi na Marekani. Usichokonoe kitasa kisicho chako bila ruhusa ya mwenyewe. Na usichokonoe kitasa kinachotumika, hata kama ni chako, kwa sababu pini inaweza kukwama au springi kuharibika, nawe ukabaki nje ya nyumba yako. Kanuni ya kwanza haina nafasi ya mzaha, wala ya kumwonyesha rafiki, wala ya kumsaidia mtu usiyemfahamu anayesema amesahau ufunguo. Aidha, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ile ya Kenya, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na mzigo wa kueleza sababu utakuwa wenu. Vijiti vyangu havijawahi kutoka nyumbani kwangu ila kwa siku kama ya leo, na leo nimekuja navyo na barua ya Mkuu wa Chuo.

Kwenye meza ile ya nyuma nimepanga vitasa kumi na viwili, vyote nilivyovinunua au kupewa, na kila kimoja nimekiandika kwa chaki idadi ya pini zilizomo. Anayeanza aende kwenye vile vya pini moja. Kile cha mwisho, kilichofungwa kwenye kipande cha mlango chenye rangi ya maziwa iliyopasuka, kina pini tano, nacho hakijabadilishwa kitu tangu siku niliyowasimulia. Aliyekuwa analia nyuma yake ana miaka kumi na mmoja sasa. Ndiye huyo aliyekaa kando ya meza, na atawaonyesha jinsi ya kushika chuma cha kukazia bila kukikandamiza.